Bamvua Lisimtoe Mtoto Skuli

Mhadhara kwa wazazi, Micheweni, Pemba

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi akina baba mliokaa pale nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele. Leo maneno mengi ni yenu.

Nimeombwa nizungumzie malezi ya watoto wadogo. Nitaanzia pale ninapoanzia siku zote, kwenye daftari la mahudhurio, na wanaonijua wameshajua ninakoelekea. Wanistahamilie. Maadamu jambo lenyewe bado lipo, na mimi nitakuwepo kulisema.

Nimesomesha skuli za huku kaskazini mpaka nikastaafu. Chukua daftari la darasa la nne la skuli yoyote iliyo karibu na pwani, ulifungue mwezi mzima. Alama za wasiohudhuria hazikutawanyika. Zimejikusanya siku nne au tano mfululizo, halafu zinapungua, halafu zinajikusanya tena. Na ukisoma majina, ni ya watoto wa kike, na aghalabu ni vifungua mimba wa nyumba zao. Sasa ichukue ile kalenda ya mwezi mwandamo inayobandikwa ukutani, uiweke pembeni ya daftari. Wanapotea mwezi ukiandama, na wanapotea tena mwezi ukiwa mpevu. Si homa, si uvivu, wala hawakufukuzwa kwa kukosa sare. Ni bamvua, yale maji makubwa ya bahari yanayojaa sana na kupwa sana, na mama zao wako kwenye mwani.

Nyinyi wakulima wa mwani mnaijua bahari kuliko mimi, lakini nataka akina baba waisikie hesabu yake. Maji ya bamvua huku kwetu yanakupwa sana kiasi cha saa nne asubuhi. Mama akitaka kufanya kazi ya maana lazima ateremke mapema, ayafuate maji yanavyotoka, na atapanda pwani karibu na saa sita. Saa hizo ndizo saa za kusoma. Mtu ataniambia, "Mwalimu, skuli ina mikondo miwili, mtoto ahamishwe mchana." Nimeambiwa mara nyingi. Maji hayakai saa moja, bwana wee. Kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50. Yakikupwa saa nne leo, siku ya tatu mbele yanakupwa saa sita na nusu. Ukimhamisha mkondo wa mchana, siku za mwanzo anakosa chuo cha Qur'ani, na siku za mwisho anakosa skuli.

Hebu tuiangalie asubuhi ya mama mmoja. Ana watoto watano. Mkubwa ni wa kike, ana miaka kumi. Wa mwisho ananyonya. Mama ameamka kabla ya alfajiri, ameswali, amewasha moto, ameteka maji madumu mawili kwa sababu mfereji ukichelewa kufunguliwa atakuwa yuko pwani. Amepika uji. Wa miaka mitatu hataki uji, anataka mkate wa jana ambao haupo. Wa miaka mitano kiatu kimoja hakionekani. Wa miaka saba anasema Maalim ametaka hela ya mkeka wa chuo. Kichanga kinalia, na mama anakinyonyesha huku mkono mwingine unachambua kamba za mwani. Baba yao kalala, au yuko barazani. Maji ya bahari hayo yameanza kutoka. Mama anatazama huku na huku, na jicho lake linasimama kwa yule wa miaka kumi, ambaye ameshavaa buibui lake jeupe la skuli. Anamwambia, "Mwanangu, leo nishikie mdogo wako."

Simlaumu mama huyu, na sitaki mtu atoke hapa aseme mwalimu kamlaumu. Pesa ya mwani ndiyo iliyonunua hilo buibui jeupe. Kazi hii imeingia visiwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo wanaoibeba zaidi ni wanawake, na Pemba ndiko unakotoka mwani mwingi wa Zanzibar. Bei ya kilo ni ndogo, maji yakipata joto ule mwani wa bei nzuri unakufa, na bado wanashuka. Simwambii mama aache mwani. Nauliza, kwa nini katika nyumba yenye watu wazima, mtu pekee aliyeonekana kuwa hana kazi ni mtoto wa miaka kumi?

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, jina lake silitaji. Alikuwa na akili ya hesabu niliyoiona kwa watoto wachache. Tulianza kugawanya kwa njia ndefu siku ya bamvua, naye hakuwepo. Wakati wa mapumziko nikamuona dirishani, mdogo wake kamfunga ubavuni kwa kanga ya mama yao, anamuuliza mwenzake, "Mmefika ukurasa gani?" Akaonyeshwa. Akaanza kunakili mfano ubaoni kwenye karatasi aliyoiegemeza ukutani, na kile kitoto kikawa kinamvuta kalamu. Akaihamishia mkono wa pili. Kikaivuta tena. Kengele ilipolia alikuwa amenakili mistari miwili. Aliporudi darasani wenzake wameshatoka kwenye kugawanya, wako kwenye sehemu. Akaanza kukamata. Likaja bamvua jingine. Ilipofika mwisho wa mwaka, mtoto aliyekuwa akijibu kabla sijamaliza swali alikuwa amehama dawati la mbele mwenyewe, amekwenda kukaa nyuma. Hakuna aliyemfukuza. Baba yake alipokuja kuchukua ripoti aliniambia, "Huyu mtoto, Mwalimu, kichwa chake kizito."

Kizito! Nililisikia neno lile na mpaka leo linanikera.

Sasa najua mna lenu moyoni. Bibi yangu pale anatikisa kichwa. Unasema, sisi tulilea wadogo zetu na tukawa watu. Kweli, bibi yangu, tulilea. Lakini nikumbushe uwa wetu ulikuwaje. Kulikuwa na bibi mzaa baba anasuka ukili, kulikuwa na shangazi aliyerudi kwao, kulikuwa na mke wa ami upande wa pili. Mtoto alimshika mdogo wake, lakini watu wazima walikuwapo. Na mama akishuka pwani kutafuta pweza au chaza, alikwenda leo na kesho akapumzika. Leo kila mmoja kajenga kibanda chake na familia yake peke yake, na mwani hauna kesho. Mtoto wa miaka kumi anafungiwa mlango na wadogo zake wanne, na moto uko jikoni.

Mwengine anasema mtoto wa kike asipolea atajulia wapi ulezi. Ajifunze! Baada ya alasiri ampakate mdogo wake, amuogeshe, mama akiwa yupo anamuelekeza. Huko ndiko kufundishwa. Kuachiwa nyumba kwa muda wa saa nne nzima za asubuhi si mafunzo. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, na inampa haki yake ya kusoma. Elimu bila malipo ilitangazwa hapa kwetu tarehe 23 Septemba 1964. Serikali imefungua mlango tangu siku hiyo, sisi tunaufunga kwa kanga.

Nije kwa akina baba. Msiangalie chini. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, aliulizwa Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na ukifika wakati wa swala akitoka kwenda kuswali. Imepokewa na Imam Bukhari. Kila baba hapa anaifuata sunna ya ndevu na ya kanzu. Hii nayo ni sunna, na haihitaji pesa.

Utaniambia, mimi ni mvuvi, Mwalimu, nashinda baharini. Haya, tuhesabu. Unavua dagaa kwa taa. Taa inafanya kazi wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaijii taa, na nyinyi mnapumzika, mnatengeneza nyavu. Basi bamvua la mwezi mpevu linaangukia siku zile zile ambazo wewe uko nchi kavu! Nyavu inashonwa na mtoto yuko kwenye mkeka pembeni. Bamvua la mwezi kuandama, nakubali, umerudi alfajiri umechoka, lala. Hilo tutalitafutia njia nyingine. Lakini nipe hilo moja, na mwanao amepata nusu ya siku anazozipoteza.

Muda naona unakwisha. Nilitaka kusema kuhusu chakula cha kichanga, nitasema haraka. Mtoto ni maziwa ya mama matupu mpaka atimize miezi sita. Kichanga cha miezi mitatu kikiachwa na dada yake mchana, kitapewa maji ya sukari au uji mwepesi kwa sababu kinalia, na huko ndiko kunakoanzia kuharisha. Kikiharisha, kipeni dawa ya chumvichumvi iliyokorogwa kwenye maji safi na salama, lita moja kwa pakiti moja, kiendelee kunyonya, na mkipeleke kituo cha afya. Mama kabla ya kushuka anaweza kukamua maziwa kwenye kikombe safi chenye mfuniko, na kichanga kinyweshwe kwa kikombe, si kwa chupa.

Nafasi baina ya mtoto na mtoto ni mhadhara mwengine. Someni aya ya 233 ya Suratul Baqara, miaka miwili kamili ya kunyonyesha, muone mnaipata vipi ikiwa mimba nyingine imeshaingia. Na karafuu, ambazo huwatoa skuli watoto wa kiume, tutazisema msimu ukikaribia.

Ninachokitaka leo ni kidogo. Mnakwenda pwani vikundi, mnajuana. Katika kila kikundi, kila siku ya bamvua, mama mmoja asishuke, akae na watoto wadogo wa wenzake chini ya paa moja, na wenzake wamfanyie kamba zake. Kesho zamu ya mwengine. Mabibi wenye nguvu wakae naye. Wenye miaka minne wapelekwe skuli za maandalizi. Vijiji viwili nimeshavisemesha, vimesema vitajaribu, na kimoja kimeniuliza atakayevunja zamu atafanywa nini. Amueni wenyewe.

Mwezi unaandama wiki ijayo. Wenye vikundi wabaki, nina daftari hapa na kalamu, tuandike majina ya zamu ya kwanza kabla ya kuadhiniwa alasiri. Na akina baba wenye nyavu, nanyi mbaki, safu yenu nimeiacha wazi.