Uso na Mandhari Chini ya Mwanga Mmoja

Ndugu zangu, kuna kosa moja ninaloliona mara kwa mara kwa wanaojifunza kuchora watu kwa rangi. Mtu anashughulikia uso mpaka macho yakae na midomo ikae, kisha nafasi iliyobaki nyuma anaijaza miti na vilima. Uso unabaki na mwanga wa chumbani, miti ina mwanga wa jua, na mtu anaonekana amebandikwa.

Anzeni vyote kwa pamoja. Pakeni rangi iliyozimuliwa turubai zima la kuchorea: anga, ardhi, nguo, uso. Msiguse jicho kabla hamjajua anga inang'aa kiasi gani, kwani ngozi inayong'aa chumbani huweza kugeuka kivuli mbele ya anga angavu.

Sasa tukae kidogo hapa chini ya kidevu. Mtu akisimama kwenye majani, jua likiwa juu, kivuli cha kidevu hakiwi cheusi kitupu. Majani yanarudisha mwanga, nao unapanda na ukijani wake hadi shingoni. Akivaa nguo nyekundu, taya inapata wekundu. Bega linaloelekea juu bila kupigwa na jua linapokea buluu ya anga. Tieni rangi hizi kidogo sana. Zikizidi, mtu anaonekana mgonjwa.

Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia, alianza Mona Lisa, picha ya mwanamke mbele ya milima, mnamo 1503, kwenye ubao wa mti wa popla wenye kimo cha sentimita 77 na upana wa 53 tu. Milima ya nyuma inafifia na kuwa ya kibuluu, kama hewa inavyofanya kwa vitu vya mbali. Pembe za macho na midomo nazo amezififisha vilevile, na kwangu hilo ndilo linalomfanya yule mama awe wa mahali pale. Tabasamu limesifiwa kupita kiasi.

Wala si lazima mtu awe katikati. Mnamo 1750 hivi, mchoraji Mwingereza Thomas Gainsborough aliwaweka mume na mke, Bwana na Bibi Andrews, upande wa kushoto, sehemu kubwa ya picha akaiachia mashamba yao. Ila mstari wa upeo, pale anga inapokutana na ardhi, usipite shingoni, utaikata.

Tukitoka nje sasa, kila mmoja amtazame mwenzake chini ya mti. Macho na pua viacheni. Nataka rangi ya kivuli cha shingo, na rangi ya majani aliyosimamia, zikiwa kando kwa kando.