Vigezo Kabla ya Majina: Mjadala wa Kocha Mkuu wa Kikapu Chuo Kikuu cha Kentucky

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu na vijana mliofika jioni hii, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko. Mada niliyopewa ni namna tunavyojadili watu wanaotajwa kuwania nafasi ya kocha mkuu wa mpira wa kikapu chuoni, na kwa kuwa tunakutana hapa Lexington sina sababu ya kutafuta mfano mbali. Nitazungumzia Aprili 2024, pale kocha John Calipari alipoondoka Kentucky na mji mzima ukaingia katika mabishano juu ya mrithi wake. Naamini mabishano yale yalikosea mahali pamoja: watu walitaja majina kwanza, kisha wakatafuta vigezo vya kuyatetea.

Tuanze na uzito wa nafasi yenyewe. Kentucky imetwaa ubingwa wa taifa mara nane chini ya makocha watano. Adolph Rupp, aliyefundisha kuanzia 1930 hadi 1972 na kushinda michezo 876, alileta makombe manne, Joe B. Hall akaleta la 1978, Rick Pitino la 1996, Tubby Smith la 1998 na Calipari la 2012. Mtu akizoea historia ya namna hii, huona kwamba kocha asiyekuwa na kombe mkononi hastahili hata kuitwa kwenye usaili. Hapo ndipo kigezo cha kombe kinapoingia bila mtu yeyote kukichunguza.

Ndugu zangu mliotoka Kongo hamhitaji kuelezwa Oscar Tshiebwe ni nani. Kijana huyo wa Lubumbashi alichukua kwa wastani ribaundi 15 (mipira iliyokosa goli na kudakwa) kila mchezo katika msimu wa 2021–22, akatajwa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo vyote vya Marekani. Usiku wa tarehe 17 Machi 2022, mjini Indianapolis, katika raundi ya kwanza ya NCAA, yaani mashindano ya mtoano ya taifa ya vyuo, alifunga pointi 30 na kuchukua ribaundi 16, na bado Kentucky ikafungwa 85–79 katika muda wa nyongeza na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City. Miaka miwili baadaye, katika raundi ileile ya kwanza, Kentucky ikafungwa 80–76 na Oakland, ambayo mchezaji wake Jack Gohlke aliingiza mitupo kumi ya pointi tatu. Mchezo mmoja wa aina hii haumwelezi kocha, kwa maana katika mtoano kijana mmoja mwenye mkono wa moto anaweza kumaliza kazi ya mwaka mzima ya wenzake. Lakini baada ya mashindano ya 2019 hadi anaondoka, Calipari alishinda mchezo mmoja tu wa mashindano ya NCAA, na msimu wa 2020–21 aliumaliza kwa ushindi 9 na vipigo 16. Hiyo ni miaka kadhaa yenye vikosi tofauti, na mashabiki walioitumia kama ushahidi walikuwa na haki ya kuitumia.

Tofauti hiyo ya wingi wa ushahidi ilisahaulika mara tu zamu ya kuwapima warithi ilipofika. Habari za kuondoka kwake kwenda Arkansas zilienea Jumapili ya tarehe 7 Aprili. Kesho yake Dan Hurley wa Connecticut akatwaa ubingwa wa pili mfululizo kwa kuifunga Purdue 75–60, na watu wengi hapa wakaamini kwamba mkurugenzi wa michezo Mitch Barnhart angemfuata mara moja. Likatajwa jina la Nate Oats, aliyekuwa ameifikisha Alabama nusu fainali. Likatajwa la Billy Donovan, aliyewahi kuwa msaidizi wa Pitino hapahapa, akachukua makombe mawili akiwa Florida na wakati huo akiifundisha Chicago Bulls. Likatajwa la Scott Drew, bingwa wa 2021 akiwa na Baylor. Oats alisema anabaki alipo. Hurley hakuondoka Connecticut. Alhamisi Drew akakataa. Ijumaa ya tarehe 12 Kentucky ikamtangaza Mark Pope wa Brigham Young (BYU), chuo cha jimbo la Utah, na manung'uniko yakawa makubwa.

Hoja ya walionung'unika ilikuwa fupi: mtu huyu hajawahi kushinda hata mchezo mmoja wa NCAA akiwa kocha mkuu. Ni kweli. Lakini idadi ya michezo hiyo ilikuwa miwili tu: mmoja dhidi ya UCLA mwaka 2021, mwingine dhidi ya Duquesne mwaka 2024, aliopoteza kwa 71–67. Mwaka 2020, timu yake iliyokuwa na ushindi 24 na vipigo 8 haikupata nafasi kwa sababu mashindano yalifutwa kutokana na janga la korona. Tulikuwa tunamhukumu mtu kwa dakika 80 za uwanjani, huku tukiacha kando misimu mitano ambamo BYU ilishinda michezo 110 na kufungwa 52.

Naomba tukae kidogo kwenye msimu wake wa mwisho, kwa sababu ndio uliobeba ushahidi tuliouhitaji. BYU ilikuwa imehamia ligi ya Big 12, mojawapo ya ligi ngumu kuliko zote nchini. Kabla ya msimu, makocha wa ligi hiyo waliitabiria nafasi ya 13 kati ya timu 14. Ilimaliza miongoni mwa timu za juu kwa ushindi 10 na vipigo 8 vya ligi, na mwezi Februari ikaenda Lawrence, kwenye uwanja ambao Kansas hufungwa kwa nadra mno, ikaondoka na ushindi wa 76–68. Tena angalieni namna ilivyocheza: ilirusha zaidi ya mitupo 30 ya pointi tatu kwa mchezo, na wachezaji wake warefu walipewa kazi ya kupitisha mpira kutoka juu ya eneo badala ya kusubiri chini ya goli. Kocha anayevuka matarajio kwa tofauti kubwa kiasi hicho, akiwa na wachezaji ambao vyuo vikubwa havikuwagombania, anaonyesha ujuzi wake kuliko yule anayeshinda akiwa na nyota kila kona. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kigezo cha kwanza: timu ilifanya nini ukilinganisha na ilichokuwa nacho?

Ipo hoja nyingine iliyowageuza watu mioyo ndani ya siku mbili, nayo ni ya mtoto wa nyumbani. Pope alikuwa nahodha wa kikosi cha ubingwa cha 1996. Jumapili ya tarehe 14 Aprili watu walijaza Rupp Arena, uwanja wa Kentucky, kwa ajili ya kumpokea tu. Basi likaingia hadi ndani, yeye na wachezaji wa zamani wakashuka, na kombe la 1996 likainuliwa huku wazee wakifuta machozi. Naheshimu machozi hayo. Hata hivyo, kama hoja ya kuajiri, undugu ni mwepisi. Georgetown ilimkabidhi timu Patrick Ewing, mchezaji mkubwa kuliko wote katika historia yake, mwaka 2017. Katika msimu wa 2021–22 ilipoteza michezo yote 19 ya ligi yake ya Big East, na mwaka 2023 ikaachana naye. North Carolina ilimkabidhi timu mchezaji wake wa zamani, Hubert Davis, mwaka 2021. Akaingia fainali msimu wake wa kwanza, na msimu uliofuata akakosa mashindano kabisa. Uzalendo haumfundishi mtu kupanga ulinzi. Pope alistahili kazi kwa alichokifanya BYU, na kama hilo lisingekuwepo, basi lile na kombe lile visingetosha.

Nipite haraka kwenye suala la utayari. Tulijadili kana kwamba kila kocha nchini anaisubiri simu ya Kentucky, wakati ukweli ni kwamba waliofanikiwa sana kwingine wana sababu nyingi za kubaki. Na umaarufu peke yake ulishatuponza: mwaka 2007 Billy Gillispie aliletwa kutoka Texas A&M akiwa anasifiwa kila upande, na baada ya misimu miwili kibarua kikaota nyasi.

Jambo ambalo halikupata nafasi ya kutosha katika mjadala ule ni kwamba kazi yenyewe imebadilika. Tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na wanaweza kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima kama ilivyokuwa zamani. Calipari alijenga himaya yake kwa kusajili vijana wa mwaka wa kwanza wenye vipaji kuliko wote, ambao wengi wao walikwenda NBA baada ya msimu mmoja. Sasa vijana hao wa miaka 18 hukutana uwanjani na wanaume wa miaka 23 waliokwisha kupita vyuo viwili au vitatu. Kocha mpya alipofika Lexington, hakuna mchezaji hata mmoja mwenye ufadhili wa masomo aliyebaki. Ilimpasa ajaze kikosi kizima ndani ya miezi michache. Kwa hiyo swali la uwezo wa kuwasoma watu wazima wasiojuana na kuwaunganisha kabla ya Novemba lilikuwa zito kuliko swali la makombe ya zamani.

Mnajua kilichofuata. Novemba 2024 kikosi hicho cha wageni watupu kiliifunga Duke 77–72. Februari, Calipari alirudi Rupp Arena na Arkansas akatufunga 89–79. Kentucky ilimaliza kwa ushindi 24 na vipigo 12, ikafika hatua ya timu 16 kwa mara ya kwanza tangu 2019, na huko ikafungwa 78–65 na Tennessee, timu ambayo Kentucky ilikuwa imeifunga mara mbili katika msimu wa kawaida. Arkansas nayo ilifika hatua hiyohiyo. Kama Hurley au Drew angetufikisha mbali zaidi, hakuna takwimu itakayojibu. Lakini kama Pope alistahili kuwemo katika orodha tangu Jumapili ya kwanza, jibu lilikuwa limeandikwa katika matokeo ya Big 12 kabla mtu yeyote hapa hajalitaja jina lake.