Alizeti inalipa, kinachokula faida ni gunia

Mbukwenyi wazee wangu, mama zangu, vijana. Nimeitwa nijibu swali moja, alizeti inalipa au hailipi. Inalipa. Ila kabla hamjapiga makofi na mimi niulize, nani hapa anajua gunia aliloliuza mwaka jana lilikuwa na kilo ngapi? Sijauliza magunia mangapi, nimeuliza kilo. Naona mikono miwili, na mmoja ni wa mwenye mashine ya kukamua.

Wanaonifahamu wanasema huyu kaanza tena na mizani yake. Ndio, nimeanza tena.

Kuna msimu nililima ekari 3, mvua ikakubali. Akaja mnunuzi mpaka shambani na gari lake na magunia yake, nikafurahi kweli maana nimeokoa nauli ya kufikisha mzigo soko la Kibaigwa. Vijana wake wakashindilia kwa miguu, wakaweka kilemba juu, yaani nyongeza inayopita mdomo wa gunia, wakashona na kamba, yakajaa magunia 15. Gari likajaa kwenye la 14, moja likabaki, akasema kesho nalipitia, hakurudi. Wiki mbili zikapita nikalipeleka mashineni likawekwa kwenye mizani, kilo 88! Gunia la alizeti lililoshonwa mdomo bila kilemba ni kilo 65 hivi. Haya toeni simu tupige hesabu, 88 toa 65 ni 23, mara 14 ni 322. Karibu gunia 5 nimempa mtu bure. Yaani karibu robo tatu ya ekari moja nimelima, nimepalilia, watoto wamefukuza ndege asubuhi na jioni, halafu nikamshukuru na nikamchinjia kuku.

Kuna mtu ataniambia mwalimu, lumbesa, yaani hilo gunia lenye kilemba, si imekatazwa, sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Sawa baba, lakini alizeti ni nyepesi, hata likiwekwa kilemba hiyo 100 halifiki, kwahiyo ukisubiri kilo 100 ndo ikutetee unaibiwa huku unaangalia. Kinachokutetea ni kuuza kwa kilo. Mnunuzi akikataa mizani muulize tu anaogopa nini, maana yeye akifika kiwandani anauza kwa kilo, hakuna kiwanda kinachonunua kilemba.

Mwingine atasema mimi sina muda wa mizani, mwezi wa sita mtoto anatakiwa shule na hela sina. Mama yangu nakuelewa, hilo sio kosa lako. Lakini ada inataka gunia ngapi? Mbili? Tatu? Uza hizo. Kwanini uuze zote wiki ambayo kila mtu Kongwa, Mpwapwa mpaka Singida naye anauza? Ikaushe vizuri, weka juu ya mbao isiguse sakafu, panya uwawekee paka, itakusubiri.

Na ukikamua kuwa macho na mashudu, yale makapi yanayobaki mafuta yakishatoka. Gunia la kilo 65 mbegu ya kawaida likikupa lita 15, 16 shukuru, chotara iliyotunzwa inapita lita 20. Kinachobaki ni zaidi ya kilo 40 za mashudu, na sisi hapa tumezungukwa na watu wa ng'ombe na kuku wanaoyatafuta. Ukiambiwa kukamua ni bure jua umelipa kwa mashudu anayobaki nayo mwenye mashine. Inaweza ikakufaa, inaweza isikufae, lakini piga hesabu kwanza ndo ukubali.

Bei kuanguka, najua mtanirushia 2023. Iliuma, mwaka 2021 tulihimizwa mikoa 3, Dodoma, Singida na Simiyu, watu wakaongeza mashamba kwa nguvu, halafu soko likageuka. Mafuta ya mawese yanatoka Malaysia na Indonesia, ushuru ukilegezwa hapa sisi tunaumia, hilo wakubwa wanaambiwa na mimi nitaendelea kulisema. Lakini ushuru hauko mikononi mwako na kilo 23 za kilemba ziko mikononi mwako.

Naambiwa muda umeisha, basi haraka haraka. Mbegu, chotara usirudie kupanda ulichovuna, inapoteza sifa zake, kila msimu nunua mpya, huna hela panda Record, mbegu isiyo chotara, iliyothibitishwa, sio ya kuokota sokoni. Nafasi sentimita 75 kwa 30, mche mmoja. Nyuki msiwapulizie dawa mchana maua yakiwa wazi, ndo wanaojaza punje. Ufuta na karanga nilitaka nivifikie, sumukuvu, ile sumu ya ukungu, kwenye karanga hasa, hilo tutakutana tena.

Mizani iko pale chini ya mkwaju. Niliomba kila mtu aje na gunia moja kutoka nyumbani. Yaliyokuja tuyapange mstari, tuanze na lile lenye kilemba.