Mbona jua linawaka Uingereza na mlisema ni mvua tu? Haya, leo nawajibu

Mambo vipi jamani, shimbonyi watu wangu wa Moshi, na wa Arusha mpo pia msinune. Leo sikupanga kurekodi, nimetoka shifti sasa hivi hata yunifomu sijavua, ila hili swali limenichosha. Kila nikipandisha video, iwe ya chakula, iwe ya vyumba vya kupanga, lazima atokee mtu kwenye komenti, "dada mbona jua linawaka hivyo, si mlisema Uingereza mvua na baridi tu, mnatudanganya ili tusije." Chini yake mwingine, "anajishaua huyo." Haya, nikisema baridi imenipiga, "rudi basi, nani kakushikilia?" Sasa nifanyeje? Nikicheka naringa, nikinuna nadeka.

Sikilizeni. Zile video za jua nyingi nilirekodi mwaka 2025, kati ya mwezi wa tatu na wa tano, huku wanaita spring, na nyumbani ni miezi ileile ya masika. Ule msimu haukuwa wa kawaida hata kwa wenyeji. Met Office, yaani hao ndo TMA ya huku, mamlaka ya hali ya hewa, walitoa hesabu kwamba kwa Uingereza nzima ndo spring yenye joto kuliko zote tangu waanze kuweka rekodi za joto mwaka 1884, na jua likawaka kuliko spring zote tangu 1910. Wastani wa joto ukawa digrii 9.5.

Najua mshaanza kucheka. Digrii tisa na nusu ndo rekodi ya joto! Moshi mwezi wa saba, kile kibaridi tunachovalia masweta mazito na kusema tunakufa, hakifiki huko hata usiku wa manane. Ila hiyo 9.5 ni mchana na usiku vimechanganywa, na milima ya Scotland imo humohumo, kwa hiyo msidhani nilikuwa natembea kwenye digrii tisa na kaptula. Tarehe 1 mwezi wa tano kule Kew Gardens, London, ilifika 29.3. Mimi niko Yorkshire, kaskazini, huku asubuhi ilikuwa habari nyingine kabisa. Mwezi wa nne nilikuwa natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenda kazini, kioo cha gari kimeganda barafu, nakwangua na kadi ya benki maana kile kikwanguo kuna mtu alikiazima hajarudisha mpaka leo (anajijua, na ananifuatilia humu), vidole vinauma mpaka machozi. Saa saba mchana siku hiyohiyo wazee ninaowahudumia kazini wanataka watolewe nje kwenye bustani wakaote jua. Mawingu hakuna, basi usiku joto lote linapanda juu linapotea, mchana jua linapiga bila kizuizi. Nyie mnaona ya saa saba, ya alfajiri nani atarekodi na vidole vimekufa?

Na ngoja niwachanganye kidogo. Spring ya 2024, mwaka mmoja kabla, nayo ilivunja rekodi ya joto, na hakuna aliyeniuliza kitu, kwa sababu ilikuwa mvua na mawingu muda wote na watu wakaapa kuwa baridi ndo ile. Mawingu yalikuwa yamefunika kama blanketi, usiku haupoi, kwa hiyo wastani ukapanda bila mtu kuliona jua. Miaka miwili mfululizo joto la rekodi, mmoja umelowa, mmoja umekauka. Ndo maana nasema msinipime kwa video.

Sasa mvua. Machi mpaka Mei 2025 Uingereza ilipata milimita 128 na kidogo, hiyo ni kama asilimia 40 chini ya wastani wao, na haijawahi kukauka hivyo tangu 1974. Kwa England peke yake, yaani ukiitoa Scotland na wenzake, haijakauka hivyo kwa zaidi ya miaka 100. Wastani wanaoutumia ni wa miaka 30, kuanzia 1991 hadi 2020. Nyumbani mnamsikia yule wa TMA kwenye taarifa ya habari, "mvua za wastani hadi chini ya wastani." Kwa kipimo cha TMA ukipata chini ya asilimia 75 ya kawaida yako, hiyo ni chini ya wastani, ukipita 125 ni juu ya wastani. Hawa walipata kama 60. Ingekuwa Tanzania angetajwa mkuu wa mkoa hapo.

Kuna kaka mmoja akaniandikia, "milimita 128 ndo ukame? Moshi mwezi wa nne tu inapita hapo." Ni kweli kaka, inapita mbali, mwezi wa nne Moshi mjini kawaida inazidi 200. Ila ya kwetu inakuja kwa mafungu, inamwaga masika, halafu mwezi wa saba na wa nane unakula vumbi. Huku wamezoea kidogokidogo mwaka mzima, manyunyu leo, manyunyu kesho, mabwawa yao na mabomba yao na mashamba yao yote yamejengwa kwa mazoea hayo. Mgandamizo mkubwa wa hewa ulikaa juu ya nchi wiki na wiki, ukawa unazisukuma pembeni mvua zinazotoka Atlantiki, basi wakatetereka. Mwezi wa tano kaskazini magharibi wakatangaziwa ukame, mwezi wa sita ikawa zamu yetu Yorkshire, mwezi wa saba ikapigwa marufuku kumwagilia bustani kwa mpira wa maji, faini mpaka paundi 1,000. Mimi bustani sina, nina chungu kimoja cha mchicha dirishani, nikawa namwagilia kwa kikombe. Bili ya maji lakini imekuja ileile.

Na hapo kwenye bili ndo nataka mnisikie. Mtu anaona jua anadhani tunakula bata. Kweli spring ile niliokoa hela ya kupasha nyumba joto, gesi yangu ni ya kununua kabla kama luku, nikawa siwashi, naiacha tu imezimwa. Nikasema aisee mwaka huu napumua. Ndani ya mwezi huohuo wa tano serikali ikatoa waraka wake wa uhamiaji, ikasema inataka watu wasubiri miaka 10 kupata ukaazi wa kudumu badala ya 5, na viza ya kuajiri wahudumu wa wazee kutoka nje ikafungwa mwezi wa saba. Mimi hapo nimeshalipia bima yao ya afya ya wahamiaji zamani, ambayo siku hizi ni paundi 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima kama kazi yako haijasamehewa. Kwa hiyo mkiniona nimekaa kwenye nyasi naangalia juu, siangalii jua, napiga hesabu.

Halafu simu za nyumbani. Sisemi vibaya, ni familia yangu. Ila mtu ananiona kwenye jua, jioni ujumbe umeingia, "tunaona mambo safi, sisi huku mvua imekata, tutumie ya mbegu." Tuna kihamba, yaani shamba la nyumbani, Kibosho, huko juu mlimani ukitaka usitake inanyesha, na tuna shamba la mahindi chini kule Kahe, huko ni bahati nasibu. Utabiri ukisema wastani, shangazi analima, mvua inaanza vizuri, wanapanda, inakata wiki tatu, mahindi yanakauka yakiwa magotini, halafu inamwagika yote kwa siku nne mwishoni. Ukijumlisha milimita, wastani umetimia. Mahindi hayapo. Ningekuwa na uwezo ningewaambia wataalamu watangaze zile siku za ukavu katikati kwa sauti kubwa kuliko huo wastani, wanazitaja ndiyo, lakini nani anasikiliza mpaka mwisho?

Wanaouliza waje na makoti mangapi, au waje mwezi gani, mimi siwezi kumpangia mtu. Damu zinatofautiana, na pochi pia. Mimi nilikuja na koti la mtumba la soko la Kiboriloni na bado nalivaa, rafiki yangu alinunua la bei mbaya huku na bado anatetemeka. Ukiniuliza binafsi ningekuja na hela ya miezi miwili ya kodi kwanza, koti baadaye, lakini hiyo ni mimi na maisha yangu, usije ukaniandikia kwamba nilikushauri.

Na shangazi, kama unaangalia, hela ya mbegu nimeituma tangu juzi kwa namba ya baba mdogo. Usiniandikie tena kwenye komenti, nipigie WhatsApp.