Nimefuta neno "yatima": Jumapili na watoto wa Kitibeti, Dharamsala

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, mambo? Leo mtanivumilia, maana picha zangu ni za miguu, milima na masufuria. Sura za watoto hamtaziona. Wengine wana ndugu waliobaki Tibet, na video ikifika isikotakiwa, mtu wa kule anaweza kuitwa na polisi kwa ajili ya kiherehere changu. Kwa hiyo kamera niliizima, nawasimulia sasa hivi nikiwa kituo cha basi.

Kwa wageni: mimi ni wa Muheza, nasoma Punjab, kaskazini mwa India. Kutoka Jalandhar unapanda basi hadi Pathankot, halafu kona zinaanza. Mimi niliyekuwa najisifu kwamba kona za Lushoto nimezizoea, jana nimefika nimeshika mfuko wa kutapikia.

Hapa juu Dharamsala, karibu na kiziwa wanachokiita Dal, ndipo kilipo Kijiji cha Watoto wa Kitibeti. Mwezi Machi 1959 watu wa Lhasa, mji mkuu wa Tibet, waliinuka dhidi ya utawala wa China, Dalai Lama, kiongozi wao wa dini, akakimbilia India, na maelfu wakamfuata. Wakimbizi wengi walipewa kazi ya kujenga barabara milimani, na watoto wao wakawa wanashinda pembeni mwa barabara humohumo. Tarehe 17 Mei 1960 watoto 51 wakaletwa Dharamsala kutoka kambi hizo kule Jammu, wagonjwa, wamekonda. Aliyejitolea kuwalea ni Tsering Dolma, dada mkubwa wa Dalai Lama. Alipofariki 1964, mdogo wao Jetsun Pema akashika usukani, akaja kuuachia 2006. Hesabuni wenyewe hiyo miaka.

Watoto hawalali mabweni kama tulivyolala sisi sekondari. Wanaishi kwenye nyumba, na kila nyumba ina mama yake. Wanamwita amala. Ama ni mama, hiyo -la ni heshima, wanaibandika hata kwenye jina la mtu. Mlangoni nilihesabu jozi 24 za viatu, zimepangwa kwa ukubwa. Wakubwa walikuwa wanafua, wadogo wanasuuza, na kuna mmoja kazi yake ilikuwa kufukuza nyani wasiibe nguo. Aliifanya kwa moyo wote, huyo.

Nikakaribishwa chai. Jamani. Ni chai ya chumvi na siagi. Ukiipokea ukitegemea chai ya maziwa ya nyumbani utaaibika mbele za watu. Ichukulie ni supu, itashuka.

Sasa sikilizeni kilichonifanya nipendwe. Binti mmoja wa darasa la pili alinitolea daftari anifundishe herufi zao. Ziko 30: ka, kha, ga... akafika ya nne, akasimama kuniangalia, wenzake wanacheka pembeni. Kumbe hapo ndipo wageni wengi huanguka. Herufi yenyewe ni ng'a. Nikaitamka. Akasema rudia. Nikarudia. Nikawaambia kwetu tunayo, nikawapa ng'ombe, ng'ambo, ng'ang'ania. Nyumba nzima ikawa "ng'ang'ania! ng'ang'ania!" Na kwao ng'a maana yake ni mimi.

Halafu akaniuliza, kwa Kihindi changu hikihiki cha kuungaunga: wewe una mtoto? Nikasema ninaye, wa kiume, ana miaka sita. Anakaa na nani? Na bibi yake. Akarudi kwenye daftari lake. Kwake lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Mimi nilikuja na kichwa cha video nimeshakiandika tangu Jalandhar: "Nimetembelea watoto yatima wa Tibet". Amala nilipomwambia alitabasamu, akanionyesha mmojammoja. Huyu hana baba. Wale wawili wazazi wao wako hai, maskini, makazi ya wakimbizi kusini. Yule wa Ladakh, hukuhuku India milimani. Na mimi, akasema, mama yangu yuko hai, yuko Tibet, sijamwona tangu nina miaka saba.

Amala alivuka na kundi la watu wasiofahamiana, wakitembea usiku na kujificha mchana, wakapitia njia ya Nangpa La kuingilia Nepal. Pale ni zaidi ya mita 5,700. Kibo ni 5,895, kwa hiyo mnaelewa nazungumzia nini, na alikuwa amevaa viatu vya raba. Mama yake alimtoa ili asome lugha yake na dini yake. Alidhani ni kwa miaka michache. Baada ya 2008 mpaka ulibanwa mno, siku hizi wanaovuka ni wachache sana.

Kwa miaka kadhaa walikuwa wanaonana kwenye simu, kwa WeChat. Juni 2020 India ikagombana na China, ikaifungia WeChat pamoja na programu nyingine za Kichina. Akaniambia: mara ya mwisho mama alikuwa ananionyesha jino lililong'oka.

Kwa hiyo kichwa nimekifuta. Sisi yatima ni aliyefiwa, na kilio tunakijua kilivyo, matanga tunayajua. Huyu amala nimwiteje? Mimi nampigia mwanangu kila jioni, ikikata dakika mbili nalalamika bando.

Naona konda ananipungia, nifupishe. Nilipoaga, amala alinivisha kitambaa cheupe shingoni, wanakiita khata, akanifungia tingmo mbili, yale maandazi yao ya mvuke, yasiyo na sukari. Akasema moja yako, moja ya mwanao. Nikamweleza Muheza iko wapi. Akaniangalia, akaniongeza la tatu. Nayala njiani, kabla ya Pathankot.