Gamba la Kobe, Mifupa ya Dragoni na Jogoo: Mitishamba ya Kichina kwa Watoto Wenye ADHD

Neema: Haya jamani karibuni, leo ni dawa za asili za Kichina kwa watoto wenye ADHD, wale hawatulii hata dakika, mwalimu anaita jina weee, mtoto macho yako dirishani.

Baraka: Na huko China wazazi wengi wanaiogopa methilifenideti, ile dawa ya hospitali. Inaweza kweli kukata hamu ya kula na kusumbua usingizi, hapo hawazushi, ndo maana wengine wanakimbilia mitishamba.

Neema: Kuna sirapu yao inaitwa Xiao'er Zhili, nimesoma vilivyomo nikabaki mdomo wazi. Gamba la kobe, mifupa ya wanyama wa kale iliyogeuka mawe, mizizi ya mimea miwili, yuanzhi na shichangpu, halafu jogoo.

Baraka: Jogoo?!

Neema: Jogoo kaka, kaandikwa kabisa.

Baraka: Sasa mtoe jogoo, vile vinne vinavyobaki ni dawa ya kitambo mno, imo kwenye kitabu cha Sun Simiao, tabibu wa enzi ya Tang, karne ya 7. Na humo kaiweka kwenye mambo ya kusahausahau, wala hakuongelea utundu wa mtoto. Kuipeleka kwa ADHD ni mambo ya juzijuzi tu.

Neema: Enhe, na kobe anaingiaje?

Baraka: Kwa elimu yao figo ndo inalisha ubongo, sasa yin, yaani ule upande wa ubaridi na utulivu, ikipungua, yang ya ini, upande wa joto na msukumo, inapanda juu, mtoto anachemka, kwa hiyo unampa vitu vizito kama gamba na mifupa viivute chini. Hiyo mifupa wanaiita ya dragoni, na mwaka 1935 von Koenigswald, mtaalamu wa mabaki ya viumbe wa kale, alikuta jino la nyani mkubwa ajabu kwenye duka la dawa Hong Kong, nyani alishatoweka zamani, ndo Gigantopithecus huyo! Kumbe watu walikuwa wanasaga historia wanakunywa.

Neema: Hahaa! Haya, inasaidia au haisaidii?

Baraka: 2011 walitoa utafiti wa Ningdong, dawa nyingine ya Kichina ya chengachenga, watoto 72, wiki 8, wengine wakapewa methilifenideti, na dalili zikapungua pande zote mbili. Inavutia, ila dada, watoto 72 ni kama madarasa mawili, na wiki 8 hata muhula haujaisha. Tafiti nyingi za hizi dawa ni ndogondogo hivyo, na nyingine mzazi anajua kabisa mwanae anakunywa nini, sasa ukimuuliza ametulia lazima aseme ametulia. Mi nisingemwachisha mtoto dawa inayomsaidia kwa ushahidi wa hivyo.

Neema: Mi kinachonitisha ni zhusha, lile jiwe jekundu, zimo dawa za zamani za kutuliza moyo zinazowekwa hilo, na lile jiwe ni zebaki na salfa. Zebaki kwa mtoto ambaye shida yake iko kwenye ubongo, jamani!

Baraka: Ndo maana unga wa kwenye mfuko usio na lebo usiuguse. Na kama mtoto tayari yuko kwenye dawa za hospitali, daktari aambiwe, usimfiche eti atagomba.

Neema: Na agombe, muhimu umebeba chupa yenyewe na kile kikaratasi cha ndani, maana ukifika pale ukasema "ni dawa fulani ya Kichina ya kahawia" anakusaidiaje sasa?