Anayedai Ndiye Athibitishe

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Sote tumelelewa na msemo kwamba dawa ya deni ni kulipa. Siupingi. Ila msemo huo umechukulia kwamba deni lipo kweli, kiasi chake kinajulikana, na anayelidai ndiye mwenyewe. Leo nazungumzia madeni ambayo hayo hayako wazi. Simu inalia, sauti usiyoijua inataja majina yako yote, inasema unadaiwa tangu miaka minane iliyopita, na inataka ulipe kabla ya saa kumi jioni.

Tumjue kwanza huyu anayepiga. Huenda ni wakala wa mkopeshaji wako, anayelipwa kamisheni kwa kile anachokusanya. Au huenda amelinunua deni lenyewe. Naam, madeni huuzwa. Mkopeshaji akichoka kukufuata, hukusanya madeni kwa maelfu na kuyauza kwa bei ya kutupa. Mwaka 2013, tume ya Marekani inayolinda walaji, FTC, ilitoa ripoti kuhusu wanunuzi wakubwa wa madeni nchini humo, ikaonyesha kwamba kwa wastani walinunua deni la dola 1 kwa senti 4. Madeni yaliyochakaa yalikwenda kwa bei ya chini zaidi. Na mara nyingi walichopewa ni orodha ya majina na namba tu, bila mikataba. Deni likiuzwa mara mbili tatu namna hiyo, malipo uliyokwisha kufanya hayaonekani tena, faini zinaongezwa juu ya faini, na wakati mwingine anayesumbuliwa ni mtu aliyefanana jina tu na mkopaji.

Ndiyo maana nasisitiza: katika kesi ya madai, mzigo wa kuthibitisha anaubeba anayedai. Kwenye simu wao huugeuza. Utasikia, “Kama ulilipa, leta risiti.” Kama risiti unayo, itunze vizuri mno, lakini usikubali kuanza wewe.

Sema maneno machache: “Sikiri deni hili. Nitumie madai yako kwa maandishi.” Taka kujua aliyekukopesha mwanzoni ni nani, malipo ya mwisho yalifanyika lini, kiasi hicho kimepatikanaje kati ya mkopo, riba na faini, na ni hati gani inayompa yeye haki ya kudai. Usimtajie namba ya kitambulisho wala ya akaunti ya benki, maana matapeli nao wamejaa katika kazi hii. Kisha mtafute mkopeshaji wa awali kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, siyo ile uliyopewa na mpigaji. Nchini Marekani, kwa sheria ya mwaka 1977, ukilipinga deni kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu upate taarifa yake, mkusanyaji anapaswa kusimama mpaka alete uthibitisho. Hata pasipo na sheria kama hiyo, barua yako yenye tarehe ni ushahidi. Baki na nakala.

Sasa madeni ya zamani, na hapa naomba masikio yenu, kwa sababu ndipo watu wengi wanaponaswa. Sheria haimpi mdai muda wote duniani wa kwenda mahakamani. Kwa deni la mkataba wa kawaida, Kenya, Tanzania na Uingereza zimeweka miaka 6. Uskoti ni miaka 5, na huko deni likipitwa na muda linakufa kabisa; Uingereza deni linabaki, ila halilazimishiki tena mahakamani. Marekani kila jimbo lina hesabu yake. Na kuuzwa kwa deni hakuanzishi hesabu upya, hata mnunuzi akiliandikia tarehe mpya kwenye vitabu vyake.

Kinachoweza kuianzisha upya ni wewe. “Lipa hata kidogo tu, tuone nia njema.” Sentensi hiyo ina sumu. Katika sheria nyingi, malipo kidogo au kukiri kwa maandishi kwamba unadaiwa hurudisha saa kwenye sifuri, na yako majimbo ya Marekani ambako hata deni lililokwisha pitwa na muda hufufuka. Ujumbe wa heshima kama “najua nadaiwa, nivumilieni mwezi huu” unaweza kukugharimu miaka.

Mtu ataniambia nawafundisha watu kukwepa. Hapana. Kama deni ni lako na uwezo unao, lipa. Lakini lipa ukijua unalipa nini na kwa nani, na kama mmekubaliana kupunguza, makubaliano yaandikwe kabla fedha haijatoka mfukoni.

Kuhusu vitisho nitakuwa mfupi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ibara ya 11, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa kimkataba. Mwenye uwezo anayekaidi amri ya mahakama ni habari nyingine. Kupigia simu ndugu na marafiki zako ili uaibike, Kenya ilikwisha kuwapiga marufuku wakopeshaji wa kidijitali kufanya hivyo kwa kanuni za mwaka 2022. Hifadhi jumbe zote. Usizifute kwa hasira.

Lakini wito wa mahakama siyo kitisho cha simu. Huo usiupuuze hata kama deni ni la uongo mtupu. Usipojibu, mdai anaweza kupata hukumu ya upande mmoja, na nchini Kenya na Tanzania hukumu inaweza kutekelezwa kwa miaka 12. Tanzania sheria inaitaka mahakama itupilie mbali shauri lililopitwa na muda hata kama mdaiwa hakusema. Uingereza usiposema mwenyewe katika utetezi kwamba muda umepita, hakuna atakayekusemea.

Naona mkono wa mama pale. Anauliza: mzazi amefariki, na wadai sasa wanawapigia watoto. Pole sana, mama. Deni la marehemu hulipwa kutoka katika mali aliyoacha, kupitia msimamizi wa mirathi. Mali isipotosha, hasara kwa kawaida ni ya mkopeshaji. Mtoto hadaiwi kwa kuwa mtoto; atadaiwa kama alitia sahihi akiwa mdhamini au alikopa pamoja na mzazi wake. Waambie waandike barua kwa msimamizi wa mirathi, waambatanishe mkataba, na usitoe hata senti ile wanayoiomba “ili marehemu apumzike”.